Aliyeburuza Mkia Akaishi, Aliyeongoza Akafa: Msimu wa Kwanza wa Klabu Mbili za Raga

Mwaka 2006 klabu mpya ya raga kutoka Perpignan, kusini mwa Ufaransa, iliingia katika ligi kuu ya Uingereza iitwayo Super League, ikamaliza msimu wake wa kwanza ikiwa ya mwisho katika msimamo. Mwaka 2017 klabu nyingine mpya, hii ya Toronto nchini Kanada, iliingia katika daraja la tatu la mfumo huo huo, ikamaliza msimu wake wa kwanza ikiwa bingwa. Klabu iliyoburuza mkia ingali inacheza hadi leo. Klabu iliyotwaa ubingwa ilijiondoa katikati ya msimu wake wa nne na haikurudi tena katika ligi hiyo.

Katika makala haya nakusudia kuchunguza kwa nini mambo yalikwenda hivyo. Huenda msomaji asiyefuatilia raga akajiuliza habari hizi zinamhusu nini. Naomba anivumilie, kwa kuwa suala lililo mbele yetu ni pana kuliko mchezo wenyewe: tunapoiona taasisi changa ikifanikiwa katika mwaka wake wa kwanza, tunapima nini hasa? Tunapima uhai wake, au tunapima ukubwa wa mfuko wa anayeilipia?

Mchezo uliozaliwa kwa ajili ya ujira

Kwanza yatupasa kuufahamu mchezo wenyewe. Zipo raga za aina mbili. Ile inayojulikana zaidi kwetu huchezwa na watu kumi na watano kila upande. Nyingine, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, huchezwa na watu kumi na watatu. Tofauti hiyo ya idadi ilikuja baadaye, mwaka 1906. Chanzo cha mgawanyiko kilikuwa mshahara.

Katika miaka ya 1890 wachezaji wengi wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe, wafanyakazi wa viwanda vya nguo na makuli wa bandarini. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, walau hadi mchana, na aliyekwenda kucheza mbali alikatwa ujira wake. Klabu za kaskazini zikaomba wachezaji wafidiwe siku waliyoipoteza. Viongozi wa chama cha raga, wengi wao watu wa tabaka la juu waliosoma katika shule za kulipia, walikataa ombi hilo katika mkutano wa mwaka 1893 mjini London. Kwa maoni yao, mchezo ulikuwa wa waungwana, na muungwana hachezi kwa fedha. Hawakujiuliza muungwana huyo anakula nini Jumatatu.

Tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na kuunda chama chao. Kanuni yao ya mwanzo iliruhusu fidia isiyozidi shilingi sita kwa siku. Hivyo basi, raga ya watu kumi na watatu ilizaliwa kutokana na swali moja: nani atamlipa mchezaji pale anapoacha kazi ili acheze? Swali hilo halikuisha mwaka 1895. Lilirudi miaka 125 baadaye, kama tutakavyoona, katika mazingira ambayo waasisi wale wasingeweza kuyawaza.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba klabu hizo zilikuwa sehemu ya miji yao. Castleford, Featherstone, Wigan, Barrow: hii ilikuwa miji ya migodi, viwanda na bandari. Migodi na viwanda vilipofungwa mwishoni mwa karne ya ishirini, mara nyingi klabu ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyobaki na jina la mji. Ndiyo maana kupanda au kushuka daraja huko si jambo la burudani tu.

Perpignan: msimu wa mwisho wa jedwali

Ufaransa iliupokea mchezo huu mwaka 1934, chini ya uongozi wa Jean Galia, mchezaji aliyekuwa amefukuzwa katika raga ya watu kumi na watano. Ulienea haraka kusini mwa nchi. Kisha ikaja vita. Desemba 1941 serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wanazi, iliuvunja kwa amri ya dola umoja wa raga ya watu kumi na watatu na kutwaa mali zake. Baada ya vita mchezo uliruhusiwa tena, lakini kwa miongo kadhaa haukuruhusiwa hata kujiita raga. Ulilazimika kuitwa mchezo wa kumi na watatu tu. Ni mara chache dola kuamua kwa sheria kwamba watu fulani wasitumie jina la mchezo wanaoucheza.

Hata hivyo, katika eneo la Wakatalani wa Ufaransa mchezo haukufa. Baba alimfundisha mtoto, na vijiji viliendelea kuwa na timu. Mwaka 2000 klabu mbili za huko, XIII Catalan na Saint-Estève, ziliungana. Kutokana na muungano huo ndipo ikatokea Catalans Dragons, klabu iliyopewa nafasi ya kuingia Super League mwaka 2006.

Mechi yao ya kwanza ilichezwa Februari mwaka huo dhidi ya Wigan, mojawapo ya klabu zenye mataji mengi zaidi katika historia ya mchezo, na wageni hao wa ligi walishinda 38 kwa 30. Mji ulisherehekea. Lakini uwanja wao ulikuwa bado ukitengenezwa, wakalazimika kuhamahama, na kadiri miezi ilivyosonga vipigo vikaongezeka. Mwisho wa msimu walikuwa wa 12 kati ya timu 12.

Kwa kanuni ya kawaida wangeshuka daraja. Hawakushuka. Kabla ya msimu kuanza ilikuwa imekubaliwa kwamba klabu hiyo isishushwe kwa miaka mitatu, ili ipate muda wa kujijenga. Aliyeshuka badala yake alikuwa Castleford, aliyemaliza nafasi ya 11. Hapa yapasa tuseme ukweli bila kuupaka sukari: hiyo haikuwa haki kwa Castleford. Mji wa wachimbaji wa zamani ulilipa gharama ya mradi ambao haukuwa wake. Anayetetea ulinzi wa taasisi changa lazima aseme waziwazi ulinzi huo unalipiwa na nani.

Lakini muda ule ulizaa matunda. Mwaka 2007 Catalans walifika fainali ya Kombe la Challenge katika uwanja mpya wa Wembley, wakafungwa na St Helens. Mwaka 2008 walimaliza ligi katika nafasi ya tatu. Mwaka 2018 walilitwaa kombe hilo kwa kuifunga Warrington 20 kwa 14, wakawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Uingereza kulichukua. Mwaka 2021 waliongoza msimamo wa ligi, na fainali ya mwaka huo ikawapita kwa pointi mbili tu.

Toronto: msimu wa ushindi

Tuvuke sasa bahari ya Atlantiki. Toronto Wolfpack ilikubaliwa mwaka 2016 na kuanza kucheza mwaka 2017. Haikuwa na kijiji nyuma yake, wala baba aliyemfundisha mtoto. Ilikuwa na wazo, nalo lilikuwa wazo la kuvutia: mji mkubwa wa Amerika Kaskazini, wenye wakazi wa asili mbalimbali na mapenzi makubwa ya michezo, uletewe mchezo wa wafanyakazi wa Yorkshire na Lancashire. Mwenye wazo alikuwa Eric Perez, Mkanada wa Toronto. Mwenye fedha alikuwa David Argyle, mfanyabiashara wa madini mzaliwa wa Australia.

Mchezo wao wa kwanza wa mashindano ulikuwa wa Kombe la Challenge, Februari 2017, dhidi ya Siddal, klabu ya ridhaa kutoka Halifax. Wanataaluma hao wa kulipwa, waliokusanywa kwa gharama kubwa, walishinda kwa taabu, 14 kwa 6, mbele ya watu ambao kesho yake walikuwa wanarudi kwenye shughuli zao. Baadaye waliitoa London Broncos iliyokuwa daraja la juu yao, kisha wakafungwa 29 kwa 22 na Salford ya Super League, matokeo yaliyoonyesha kwamba klabu ya daraja la tatu ilikuwa na kikosi kisicho cha daraja hilo.

Tarehe 6 Mei walicheza nyumbani kwa mara ya kwanza, katika uwanja wa Lamport, wakaifunga Oxford 62 kwa 12. Watu 6,281 walihudhuria. Katika daraja ambalo klabu nyingi zilizoea kuona mamia tu ya watazamaji, idadi hiyo ilikuwa kama ndoto. Mechi ikawa sherehe ya mtaa: vijana, familia na wahamiaji kutoka Visiwa vya Pasifiki, Uingereza na Australia waliketi pamoja na Wakanada waliokuwa wakijifunza kanuni za mchezo papo hapo. Shauku hiyo ilikuwa ya kweli, na mwanahistoria hana ruhusa ya kuidharau kwa sababu tu anajua mwisho wa hadithi.

Katika ligi walipoteza mchezo mmoja tu msimu mzima. Aliyewafunga, 14 kwa 12, alikuwa York, klabu ambayo miezi michache kabla ya hapo ilikuwa imekaribia kufungwa kabisa kwa ukosefu wa fedha. Septemba waliifunga Barrow 26 kwa 2 na kujihakikishia ubingwa na nafasi ya kupanda daraja. Magazeti yaliandika kuhusu muujiza.

Nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani. Ndani ya msimu ule wa ushindi mambo yalikuwa hivi. Wachezaji walio wengi hawakuishi Toronto. Waliishi na kufanya mazoezi kaskazini mwa Uingereza, wakasafiri kwenda Kanada kwa vipindi. Waliozaliwa Kanada walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Na ili klabu za Uingereza zikubali safari hizo, klabu ya Toronto ndiyo iliyogharimia safari na malazi ya wapinzani wake. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mwenyeji anamlipia mgeni nauli aje amfunge, kisha anamlipia na kitanda. Kiingilio cha watu elfu sita au saba hakiwezi kubeba mzigo kama huo. Mzigo ulibebwa na mfuko wa mtu mmoja.

Kupanda ngazi bila sakafu

Mwaka 2018 Wolfpack waliongoza daraja la pili, lakini wakafungwa nyumbani 4 kwa 2 na London Broncos katika mchezo wa mwisho wa kuwania kupanda. Mwaka 2019 walirudi, wakaifunga Featherstone 24 kwa 6 mbele ya takriban watu 10,000, wakaingia Super League. Mwezi mmoja baadaye walimsajili Sonny Bill Williams, nyota wa New Zealand aliyewahi kutwaa Kombe la Dunia mara mbili katika raga ya watu kumi na watano, kwa mkataba uliozungumzwa dunia nzima.

Lakini mlango wa ligi kuu ulikuwa na masharti. Toronto haikupewa mgawo wa fedha za televisheni ambao klabu nyingine za ligi hiyo zilitegemea kila mwaka. Yaani ilitakiwa kushindana na wenzake huku ikikosa chanzo kikuu cha mapato ya wenzake. Viongozi wake waliukubali mpango huo. Nadhani waliukubali kwa sababu ile ile iliyowafanya wakubali kulipa nauli za wapinzani mwaka 2017: kila gharama ilionekana ndogo maadamu yupo mmoja anayesema atalipa. Msimu wa kwanza uliwafundisha kwamba kila tatizo lina hundi ya kulimaliza. Hilo ndilo somo baya zaidi ambalo mafanikio ya mapema yanaweza kuipa taasisi.

Msimu wa 2020 ulianza na vipigo sita mfululizo vya ligi. Timu ilikuwa ikicheza Uingereza ikisubiri majira ya kuchipua ili ianze mechi za nyumbani. Machi ukaja ugonjwa wa UVIKO-19 na mipaka ikafungwa. Hapakuwa na mechi ya nyumbani, hapakuwa na tiketi za kuuza, na hapakuwa na mgawo wa televisheni. Mishahara ikaanza kuchelewa, kisha ikakoma. Tarehe 20 Julai 2020 klabu ilitangaza kwamba haitamaliza msimu.

Wachezaji walibaki Uingereza bila malipo. Baadhi yao walikuwa wametoka ng'ambo na familia zao, na ruhusa yao ya kukaa nchini ilifungamana na ajira hiyo hiyo iliyokatika. Hapa ndipo swali la Huddersfield liliporudi. Mchezo ulioasisiwa ili mfanyakazi asipoteze ujira wake ulikuwa na wafanyakazi wasiolipwa miezi kadhaa, na hapakuwa na chombo chochote kilichokuwa kimeweka akiba kwa ajili yao.

Novemba mwaka huo ombi la mmiliki mpya la kuirudisha klabu lilipigiwa kura na wakuu wa Super League. Kura 8 zilikataa, 4 zilikubali. Wapo waliosema kwamba klabu za kaskazini zilikuwa na wivu na woga wa mabadiliko, na sitasema hakuna ukweli ndani yake. Klabu hizo ziliukubali ukarimu wa Toronto ulipokuwepo, na hazikuona deni lolote ulipokwisha. Lakini ni kweli pia kwamba aliyetoa ukarimu ule hakudai chochote kwa maandishi. Hakudai miaka mitatu ya ulinzi, hakudai sehemu ya mapato, hakudai hata mwongo mmoja wa subira. Mfadhili hununua makofi. Mwenye mkataba hupata haki.

Tofauti yao ilikuwa nini?

Isidhaniwe kwamba nasema Perpignan ilikuwa ya wanyonge na Toronto ya matajiri. Catalans nao wana tajiri wao, Bernard Guasch, mfanyabiashara wa nyama, aliyeiongoza klabu tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba Guasch ni mtu wa pale pale, aliyewahi kuucheza mchezo huo katika eneo hilo, na chini yake palikuwa na sakafu: vijiji vyenye timu, kumbukumbu ya mchezo uliowahi kupigwa marufuku, na makubaliano yaliyoandikwa kuhusu muda. Uwanja wao unaitwa Gilbert Brutus, jina la mwanaraga aliyepigana dhidi ya Wanazi na kufia mikononi mwa Gestapo mwaka 1944. Watu hawaendi katika uwanja huo kwa sababu timu inashinda. Mwaka 2006 haikuwa inashinda.

Wala sisemi kwamba UVIKO-19 haukuchangia. Ulichangia sana. Lakini ugonjwa uleule ulizikuta klabu zote, na zilizokuwa na vyanzo vingi vya uhai, hata vikiwa vidogo vidogo, zilitikisika bila kuanguka. Iliyokuwa na nguzo moja ilianguka siku nguzo ilipotikisika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema, na hawakuwa wakizungumzia raga.

Kwa hiyo ningependa tuusome upya msimu wa kwanza kama kipimo. Ubingwa wa 2017 ulipima uwezo wa kununua wachezaji bora kuliko wa wapinzani maskini. Nafasi ya mwisho ya 2006 ilipima ugumu wa kukutana na walio bora. Hakuna kipimo kati ya hivyo viwili kilichotuambia klabu ipi ingekuwapo baada ya miaka kumi. Habari hiyo ilikuwa katika nyaraka ambazo mashabiki hawakuzisoma: nani anailipia, kwa muda gani, kwa masharti gani, na akishindwa nani anaingia mahali pake.

Wasomaji wangu wengi ni wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma. Naamini mnaijua hali hii bila mimi kuitaja kwa jina. Mmeuona mradi wenye mfadhili mmoja, ambao ripoti ya mwaka wa kwanza ilijaa picha za watu wanaotabasamu, magari mapya na malengo yaliyovukwa. Mmeona pia ofisi ileile mwaka wa nne, kufuli mlangoni, na watumishi wake wakizunguka na barua za madai ya mishahara. Tulipokuwa tukipiga makofi mwaka wa kwanza, mambo yote ya kuuliza yalikuwa tayari yapo mezani.

Utakapoalikwa tena katika sherehe ya kutimiza mwaka mmoja wa taasisi yoyote, iwe klabu, zahanati au chuo, sikiliza hotuba zote kwa heshima. Kisha mtafute mhasibu pembeni umuulize jambo moja: huyu mmoja akiondoka leo, mishahara ya mwezi ujao italipwa na nani? Akikujibu kwa jina la mtu mwingine, bado una sababu ya kuhofu. Akikuonyesha kifungu katika mkataba, orodha ya wachangiaji na akaunti ya akiba, kaa ule pilau kwa amani, hata kama taasisi hiyo mwaka huu imeburuza mkia.